Nafasi Ishirini na Nne

Hospitali ile ilikuwa na karakana ya miguu ya bandia nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Ndani ya karakana, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, alikaa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha. Kazi yake ilikuwa kushona mikanda ya ngozi, ile inayoushika mguu usimtoke mtu akiwa njiani. Alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja, tangu mabinti zake pacha wakiwa wa kubebwa, na vidole vyake viliijua ngozi kuliko macho yake yalivyoijua.

Mwaka ule alikuja mlinzi wa ghala, mtu mzima na heshima zake, akilalamika kwamba mguu unamla upande wa ndani. Mama Pacha alimfunga mkanda, akamtazama akitembea hatua nne, akajua. Kile kikombe kinachobeba kigutu kilikuwa kimebaki kinene mno upande mmoja. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini sheria ya hospitali ilikuwa wazi: anayegusa kikombe ni mwenye cheti cha chuo, na mwenye cheti alikuwa mmoja tu, mkuu wa karakana, ambaye siku hiyo alikuwa safarini. Mlinzi akaondoka akichechemea vile vile, tena akamshukuru kwa mkanda mzuri. Asante ile ilimkaa Mama Pacha kooni kama mwiba wa samaki. Wiki haikuisha kabla hajachukua fomu ya kuomba chuo.

Chuo cha kazi hiyo kilikuwa kimoja, upande wa pili wa mji. Walioomba walikuwa mia sita na arobaini. Walioitwa kwenye usaili, tisini na sita. Nafasi zilikuwa ishirini na nne.

Siku ya usaili walipewa waya waukunje kufuata mchoro, kisha bonge la plasta walichonge liwe umbo la goti. Waya ulimtii, na plasta nayo ikamtii. Kwenye karatasi ya maswali mambo yakaharibika. Maswali mawili ya fizikia aliyaacha matupu kama alivyoyakuta. Mwisho aliketi mbele ya watu watatu, na mama mmoja mwenye miwani akamwuliza ana miaka mingapi.

"Thelathini na sita," akasema.

Yule mama akaandika kitu, mstari mmoja, akafunika kalamu. Mstari huo ndio uliomnyima Mama Pacha raha wiki tano nzima.

Maana matokeo yangechukua wiki tano, na binadamu hawezi kukaa wiki tano bila kupiga ramli. Mama Pacha hakwenda kwa mganga. Alichukua kipande cha karatasi ngumu ya kukatia ruwaza za mikanda, akawa anapiga hesabu nyuma yake wakati gundi inakauka. Ishirini na nne kwa tisini na sita ni moja kwa nne. Hapo alikuwa bado hajatoa kitu. Akitoa fizikia, moja kwa tano. Akitoa umri, moja kwa sita. Akikumbuka mstari wa yule mama mwenye miwani, moja kwa nane. Siku akiamka vizuri alijiongezea waya na plasta akarudi kwenye moja kwa tano. Kwa hiyo alipanda na kushuka kama maji ya kisima, na hakuna aliyekuwa amemgusa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na makadirio yake. Mabinti zake, waliokuwa wakimsomea maswali ya fizikia kwa sauti huku wakiosha vyombo, walimpa mia kwa mia, kwa sababu walikuwa wameshawaambia wenzao shuleni. Mume wake, dereva wa lori la safari ndefu, alipiga simu kutoka njiani.

"Mke wangu, unajisumbua bure," alisema. "Mambo ni mawili tu. Utapata au hutapata. Hamsini kwa hamsini."

Mama yake mume, aliyekuwa ameketi karibu na kusikia kila neno, akasema, "Mwambie kwa hesabu hiyo na mimi ni hamsini kwa hamsini kuwa rubani wa ndege."

Watu wana hadithi zao za mama mkwe, nyingine za kutisha. Mama mkwe huyu alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na goti lake la kulia lilikuwa bovu. Alikaa miaka thelathini kwenye dirisha la tiketi la uwanja wa mpira. Ilisemekana kwamba meneja wa uwanja alikuwa akimwuliza, mechi ikiwa haijaanza, "Leo wangapi?" na yeye hutazama umati mara moja tu na kusema elfu nne na mia mbili. Vikihesabiwa vishina vya tiketi, anakuwa amekosea watu hamsini, ikizidi sana sitini. Kwa hiyo mtu angetegemea kuwa yeye ndiye atakayekadiria kuliko wote. Lakini wiki ya kwanza hakusema kitu. Wiki ya pili vile vile. Mama Pacha aliutafsiri ule ukimya kwa namna yake, akashuka hadi moja kwa kumi.

Kazini, mkuu wa karakana hakutaka kabisa kusikia habari za makadirio. Walimwita Mzee Plasta, kwa kuwa shati lake, hata liwe jipya kiasi gani, kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limegeuka jeupe.

"Hapa hatukadirii, tunapima," alimwambia. "Mimi chuo hicho hicho kilinikataa mara mbili. Mara ya tatu kikaniita. Ukitaka kunipima kwa mara ya kwanza, nilikuwa sifuri."

"Mara ya kwanza ulikuwa na miaka mingapi, mzee?"

"Ishirini na mbili."

"Ningekuwa na ishirini na mbili ningengoja mara tatu na mimi," akasema Mama Pacha, wakacheka wote wawili, yeye kidogo kuliko mzee.

Siku moja ya wiki ya tatu mzee alikwenda wodini kupima mgonjwa, na Mama Pacha akaishiwa vyuma vya kufungia mikanda. Akafungua droo ya meza ya mzee, ambako wakati mwingine vilihifadhiwa. Chini ya futi na penseli alikuta karatasi nne zenye mwandiko mkubwa unaoegemea upande, mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu. Ilikuwa barua ya mzee ya kumpendekeza yeye kwa chuo, iliyoandikwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu tu, yote imekatwa. Ya pili ilianza: *Kusema ukweli sipendi aondoke, maana sitapata mwingine,* na hilo nalo limekatwa. Ya tatu ilikuwa imejaa ukurasa. Kulikuwa na habari za mteja fulani wa miaka saba iliyopita, ambaye Mama Pacha alimbadilishia mkanda akaacha fimbo, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Ya nne ilikuwa safi, bila kosa, isipokuwa doa moja la plasta pembeni. Bila shaka nakala ya tano ndiyo iliyopelekwa.

Alirudisha karatasi kama zilivyokuwa, akafunga droo. Mzee aliporudi na kumwuliza kama vyuma vimepatikana, alisema havikupatikana, akainamisha uso kwenye ngozi. Hakushona kitu kwa muda.

Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa ukumbini na mama mkwe wake wakichagua mchele, sinia moja katikati yao, mchana wa jua kali na mabinti wakiwa wamekwenda dukani. Mama Pacha hakuweza kujizuia. Alianza tena nyimbo zake: waliokuja pale ni vijana, wamevaa vizuri, wametoka shule moja kwa moja, fizikia iko vichwani mwao bado ya moto.

"Vijana gani?" akasema mama mkwe bila kuinua macho. "Yule wa suti ya kijivu aliyetoka saa tano analia? Au yule msichana wa kucha ndefu aliyerudi na plasta hadi kwenye nyusi?"

Mama Pacha aliacha mkono wake juu ya mchele.

"Mama," akasema, "wa suti ya kijivu umemjuaje?"

Mama mkwe alitoa kijiwe, akakitupa nje ya sinia, akatoa kingine. Akaona hakuna pa kukimbilia.

"Nilikuwa pale," akasema.

"Pale wapi?"

"Langoni. Ng'ambo ya barabara, kwa mama anayeuza maji. Alinipa kreti nikakalia."

"Mama, siku ile si ulikwenda kliniki ya goti?"

"Nilisema nakwenda. Goti halikutaka kwenda kliniki."

Mama Pacha alikumbuka jioni ya siku ya usaili. Alirudi akamkuta mama mkwe amelala chali na goti limevimba kama boga, naye akachemsha maji, akamkanda siku tatu. Siku zote tatu aliwalaani wauguzi wa kliniki kwa kumsimamisha bibi wa watu kwenye foleni. Na mama mkwe alilala pale akiitikia, "Vijana wa siku hizi hawana huruma, mwanangu."

"Ulikaa muda gani?"

"Toka mlango unafunguliwa mpaka wewe umetoka. Nilikuona ukitoka. Ulikuwa unatembea vizuri tu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita nikuambie nini? Nilikuwa kazini." Akainua uso. "Sikiliza. Watu wanakadiria vibaya kwa sababu wanahesabu vichwa. Mimi sikuishia kwenye vichwa. Walioingia ni tisini na mmoja. Mliambiwa tisini na sita, sivyo? Watano hawakutokea. Ndivyo ilivyo siku zote, katika watu mia wenye tiketi watano hawaji, hata iwe fainali. Basi hao tisini na mmoja nikawatazama mikono. Wakati wa kuingia wanamwonyesha askari karatasi ya wito, mkono unaonekana vizuri. Mikono ya watu waliowahi kushika kazi ilikuwa thelathini na mmoja. Na wewe umo. Nafasi ni ishirini na nne kwa watu thelathini na mmoja. Hiyo ni zaidi ya saba kwa kumi."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia, ungetaka kujua nimejuaje."

Mama Pacha alitaka kucheka, kikaja kilio, akawa hajui ashike kipi. Mama mkwe akasogeza sinia upande wake, machozi yasiingie kwenye mchele, akaendelea kuchagua peke yake.

Kuanzia siku ile hakugusa tena hesabu zake za karatasi ngumu. Siyo kwamba aliamini sana saba kwa kumi. Yule mama mwenye miwani hakuwa langoni akitazama mikono. Ila kila akitaka kuanza kujitoa umri na kujitoa fizikia, aliona ng'ambo ya barabara kikongwe kwenye kreti, jua la utosi, goti limenyooshwa mbele, anahesabu. Akaona pia karatasi nne ndani ya droo. Alijiuliza ni wangapi wengine waliokuwa wamemsimamia mahali asipopaona, akagundua kwamba katika miaka thelathini na sita alikuwa amejumlisha vizuri sana yaliyomwendea kombo, na haya mengine hakuwahi hata kuyaanza.

Wiki ya tano, Jumanne, ujumbe ukaingia kwenye simu. Aliusoma akiwa amesimama karibu na oveni ya kukaushia plasta. Ulisema kwamba hakuwa miongoni mwa waliochaguliwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye orodha ya akiba, namba tatu.

Mzee Plasta aliuomba ujumbe, akausoma mara mbili, akarudisha simu.

"Mimi hawakunipa hata akiba," akasema.

Nyumbani mabinti walilia, mmoja akaanza na mwingine akamfuata kama kawaida yao. Mama mkwe aliuliza namba ni ngapi, akaambiwa tatu.

"Sitakudanganya," akasema. "Watano kwa mia hawaji. Kwa ishirini na wanne, huyo ni mmoja na ushee. Mbele yako wapo wawili. Hesabu inasema mwaka huu hutaingia. Ungekuwa wa kwanza, ningekuambia shona begi."

"Nimeelewa, Mama."

"Saba kwa kumi haikuwa uongo."

"Najua. Tatu kwa kumi nazo zina watu wake."

Mama mkwe alimtazama kwa makini, kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Lakini Mama Pacha alikuwa hajipi moyo. Alishangaa mwenyewe kujikuta hana uchungu. Alikuwa na huzuni, ndiyo, huzuni ya kawaida ya mtu aliyetamani kitu. Lakini chini yake kulikuwa na sakafu, na alipokanyaga haikutitia. Aliingia jikoni akapika, akawaambia mabinti wakalete vitabu vya fizikia, maana mwakani si mbali. Mume wake alipopiga simu kutoka njiani hakusema habari za hamsini kwa hamsini. Alisema, "Pole, mama watoto," kisha akaongeza kwamba lori likipita mji wenye duka la vitabu atasimama.

Wanafunzi walitakiwa kuripoti chuoni Jumatatu ya wiki mbili baadaye. Jumatatu ikaja, Mama Pacha akashona mikanda mitatu. Jumanne akashona miwili na kutengeneza mmoja uliokatika. Jumatano mchana, akiwa na sindano mdomoni, simu ikaita. Alikuwa karani wa chuo, sauti ya mtu mwenye orodha ndefu na muda mfupi. Wawili hawakuripoti, alisema. Wa tatu aliripoti, akaona plasta, akaaga. Akiba zote tatu zimepanda. Je, anaweza kufika kesho saa mbili asubuhi?

Mama Pacha alitoa sindano mdomoni ili ajibu vizuri.

Alipokata simu alimkuta Mzee Plasta ameshaacha alichokuwa akifanya. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Alijipangusa mikono kwenye shati, jambo ambalo halikusaidia mikono wala shati.

"Nimeona barua, mzee," akasema Mama Pacha. "Zile za kwenye droo. Nilikuwa natafuta vyuma."

"Vyuma viko kwenye kopo siku zote," mzee akasema, akageukia dirisha. "Mwandiko wangu mbaya."

"Nashukuru."

"Nenda nyumbani ukajiandae. Utarudi kwetu kwa mazoezi kila likizo, usidhani nimekuachia." Akakohoa. "Na huyo mlinzi wa ghala, nilishamchongea kikombe chake. Usiende na deni lake kichwani."

Hilo hakulijua. Alimshukuru na kwa hilo pia.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akianua nguo. Mama Pacha alimwambia pale pale penye kamba, kwa maneno matano, maana mengi zaidi yasingetoka. Bibi alibaki ameshika shuka mikononi.

"Watatu," akasema. "Watatu kwa ishirini na wanne."

"Watatu, Mama."

"Nimekosea." Akaikunja shuka mara moja, akaikunjua tena. "Meneja angeniona leo angenicheka mpaka akae chini. Wacha acheke." Kisha akaitupa shuka ndani ya kapu, akamshika mkwewe mabega yote mawili, akamvuta hadi vipaji vya nyuso zao vikagusana. Alikuwa mfupi, ilibidi Mama Pacha ainame. Walikaa hivyo mpaka mabinti waliporudi kutoka shule, na hao walipiga kelele za kutosha kwa niaba ya watu wazima wote wawili.

Kesho yake saa mbili kasorobo Mama Pacha alikuwa mbele ya dirisha la usajili. Karani alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, na fomu ilikuwa ndefu: elimu, mwajiri, anayelipa ada, magonjwa. Mwisho kabisa akauliza nani apigiwe simu kukitokea lolote. Mama Pacha akataja namba ambayo haikuwa ya mume wake.

"Uhusiano?" akauliza karani.

"Mama."

Karani akaandika, akatazama juu kwenye ukurasa, kalamu ikasita. "Hapa huku juu uliandika mama mzazi amefariki."

"Ndiyo."

"Sasa huyu niandike mama nani?"

"Andika mama tu," akasema. "Inatosha."

Kijana akaandika, akagonga muhuri, akampa koti jeupe la karakana kutoka kwenye rundo lililobaki. Yaliyobaki yalikuwa makubwa yote. Alikunja mikono ya koti mara mbili huku akitembea, akauliza njia, akaonyeshwa mlango wa tatu kushoto. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuchora goti ubaoni, na wale wengine ishirini na watatu wakasogea kwenye benchi kumpisha.